KOMPYUTA BILA MWALIMU NI KABATI LA VUMBI!

Hotuba hii iliandaliwa kwa ajili ya vijana wa Bagamoyo na wenzao wa Kerege, Mapinga na Bunju. Tunaichapa kama ilivyo, ili nawe msomaji uipime mwenyewe.

Ndugu zangu vijana! 

Sikuja kuwapa porojo. Nimekuja na swali moja tu. Mdogo wako yuko kidato cha pili. Kwenye ratiba ya shule yake limeandikwa somo la kompyuta. Je, nani anamfundisha?

Nisikilize vizuri. Sikuulizi shule ina kompyuta ngapi. Hilo la idadi ndilo wakubwa wanalolipenda, kwa sababu mashine hupigwa picha. Mheshimiwa anakuja na msafara, anakata utepe, anashika mausi mbele ya waandishi, makofi yanapigwa, vumbi la magari linatimka, basi. Mwalimu hakatiwi utepe. Ndiyo maana miaka nenda miaka rudi maboksi yanashushwa shuleni, lakini mtu wa kuyafanya maboksi hayo yawe elimu haandaliwi ipasavyo.

Nasema hivi: kompyuta bila mwalimu ni kabati la vumbi. Na mwalimu aliyefundishwa kwa siku tano hajafundishwa, amepewa posho.

KOSA LA ZAMANI, ADHABU YA KILA SIKU

Tusijidanganye kwamba tatizo hili limeanza jana. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 hesabu za Serikali zikahamishiwa kwenye mashine. Nini kikatokea? Mambo yakavurugika. Wataalamu walikuwa wa kukodi kutoka nje, wenyeji hawakuwa wameandaliwa vya kutosha. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na televisheni pia.

Hebu litazame jambo hilo kwa makini, kijana. Mashine ilihukumiwa kifungo kwa kosa la binadamu ambaye hakufundishwa! Badala ya kuwasomesha watu, tukaifungia mlango mashine. Wenzetu duniani wakaendelea kwa zaidi ya miaka kumi, sisi tukabaki na taipureta na kabonipepa.

Marufuku ilipokwisha, muhtasari wa somo la kompyuta kwa shule za sekondari ulitolewa mwaka 1997. Hatua nzuri, tusiwe wachoyo wa sifa. Lakini muhtasari ni karatasi. Karatasi haisimami mbele ya darasa. Aliyetakiwa kusimama pale alikuwa mwalimu aliyesomea historia au kilimo, ambaye chuoni kwake hakuwahi kugusa kibodi. Shule zenye fedha, za watu binafsi na za dini, zikajitafutia walimu wao. Mtoto wa mlalahoi akaambiwa asubiri.

Kuanzia mwaka 2005, kwa msaada wa Sweden, vyuo vyote 34 vya ualimu vya Serikali viliwekewa kompyuta na wakufunzi wakaanza kufundishwa. Hapa nataka tuseme kweli: njia hiyo ndiyo iliyokuwa sahihi. Ukitaka maji yafike kwenye kila bomba, anza na tangi. Mfundishe mkufunzi, mkufunzi amfundishe mwalimu, mwalimu amfundishe mtoto.

VODA FASTA NA VILAZA

Lakini wakati tangi linajengwa huku, kule mabomba yakatandazwa kwa fujo. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, yaani MMES, ulianza 2004, na kuanzia 2006 shule za kata zikaota kama uyoga. Majengo yakapanda, walimu hawapo. Ikabidi wachukuliwe vijana waliomaliza kidato cha sita, wapewe mafunzo ya wiki chache, wapelekwe darasani. Mtaani mkawapa jina: Voda Fasta. Jina lilichekesha, lakini maana yake haikuchekesha hata kidogo. Vijana wale hawakuwa na kosa. Walitumwa vitani na rungu la mti wa mpapai.

Halafu yakaja ya Dodoma. Serikali ilianzisha pale Chuo Kikuu cha Dodoma stashahada maalumu ya ualimu, ili kuziba pengo la walimu wa sayansi na hisabati. Mwishoni mwa Mei 2016, baada ya wahadhiri kugoma kufundisha kozi hiyo wakidai malipo yao, wanafunzi zaidi ya 7,000 waliamriwa kuondoka chuoni. Bungeni kukawaka moto. Siku chache baadaye wakaitwa vilaza hadharani. Baadaye wengi wao walipangiwa vyuo vya ualimu vya kawaida.

Sitaki kulia kilio cha zamani. Nataka uchukue funzo. Mara zote nchi hii inapotaka walimu wa haraka haraka, inapata aibu ya haraka haraka. Mwalimu hapikwi kama chipsi.

Na juzi juzi? Baada ya Sensa ya Agosti 2022, vishikwambi karibu laki tatu viligawiwa kwa walimu. Vizuri. Ni chombo, kina kazi yake. Lakini muulize mwalimu unayemfahamu maswali mawili: ulipewa kishikwambi? Na ulipewa saa ngapi za kufundishwa namna ya kukitumia kufundishia? Pima majibu mwenyewe, mimi sikusemei.

MWALIMU WA KOMPYUTA ANATAKIWA AJUE NINI?

Hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Wanadhani anayejua kuchapa barua na kufungua intaneti anaweza kufundisha kompyuta. Hapana! Dereva wa daladala anajua gari, lakini si kila dereva anaweza kuwa mwalimu wa chuo cha udereva.

Kwanza, ajue somo lenyewe. Mtihani wa kidato cha nne una karatasi ya nadharia na karatasi ya vitendo. Kuna sehemu za kompyuta, kuna kuandaa maandishi, kuna majedwali ya hesabu, kuna hifadhi ya taarifa, kuna mitandao, kuna kuandika programu. Mwalimu anayesoma sura moja usiku ili aifundishe asubuhi atafika kwenye programu akwame, na darasa zima litakwama naye.

Pili, ajue kugawa mashine chache kwa watoto wengi. Tufanye hesabu ya mfano. Darasa lina wanafunzi 45, mashine zinazofanya kazi ni 9. Kila mashine watoto watano. Vipindi viwili vya dakika 40 vikiunganishwa ni dakika 80. Gawa kwa watano: kila mtoto dakika 16. Mwalimu asiyefundishwa atawaacha wagombanie. Mwenye nguvu na mwenye simu nyumbani atakaa mbele muda wote, na binti aliyekaa nyuma atamaliza kidato cha nne hajawahi kushika mausi. Mwalimu aliyefundishwa anapanga zamu: mmoja anachapa, wa pili anamsomea maelekezo, wa tatu anaandika makosa, wawili wako kwenye kibodi ya karatasi iliyochorwa kwenye manila, wanazoeza vidole. Kengele ikigonga, wanabadilishana. Mashine ni zilezile 9, lakini hakuna aliyekaa bure.

Tatu, ajue kufundisha kwa vitu ambavyo mtoto anavijua. Hapa Bagamoyo tuna mnada wa samaki pale ufukweni. Mwalimu mwerevu hamfundishi mtoto jedwali la hesabu kwa mfano wa kampuni ya kufikirika ya Ulaya. Anamwambia: andika jina la chombo, aina ya samaki, kilo, bei, na nani amenunua. Sasa iambie kompyuta ijumlishe. Iambie ipange kuanzia bei ya juu. Mtoto wa mvuvi ataelewa siku hiyohiyo, na jioni atamweleza baba yake ni siku gani alipunjwa. Hiyo ndiyo elimu!

Nne, ajue kuitunza mashine. Sisi ni watu wa pwani. Hewa ya chumvi ya pale Nunge inakula mabati ya paa, itaziogopa nyaya za kompyuta? Umeme unakatika na kurudi kwa kishindo. Mashine yenye kasoro ndogo, pengine vumbi tu kwenye feni, inaandikwa mbovu na kutupwa stoo kwa sababu hakuna mwenye kuthubutu kuifungua. Mwalimu wa kompyuta lazima awe ameshika bisibisi chuoni, aifungue mashine, airudishe, iwake.

Tano, lugha. Sekondari tunafundisha kwa Kiingereza, na mtoto wa kidato cha kwanza anakutana na lugha ngeni na mashine ngeni kwa wakati mmoja. Mwaka 2004 pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa programu za ofisini kwa Kiswahili, zikaitwa Jambo OpenOffice. Maana yake maneno yapo, Kiswahili hakishindwi. Mwalimu aliyeandaliwa anaweza kumpa mtoto maana kwa lugha yake, kisha akampa neno la mtihani. Asiyeandaliwa anakaririsha, na mtoto anakariri mpaka siku ya karatasi ya vitendo, ambako kukariri hakusaidii.

SEMINA YA SIKU TANO

Sasa niseme kuhusu semina. Yako mafunzo yanayotolewa kwa walimu walio kazini. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote umekuwa ukigharamia walimu waende kufundishwa TEHAMA kwenye vyuo vikuu na taasisi za ufundi. Jambo jema. Lakini semina yoyote, iandaliwe na yeyote, nipimie kwa mizani hii: baada ya semina, kuna mtu aliyemfuata mwalimu shuleni kwake kuona anafanya nini?

Kama hakuna, basi tumemfundisha mtu kuogelea kwenye sakafu ya hoteli. Ameona projekta, amepewa cheti, amekula biriani, amerudi. Shuleni anakuta mashine za aina nyingine, umeme wa shida, na wanafunzi mara tatu ya wale aliowazoea kwenye semina. Wiki ya pili anarudi kwenye chaki.

Angalieni Chuo cha Sanaa chetu hapa, kilichoanza 1981, leo wanakiita TaSUBa. Kuna mtu aliyewahi kusema anamfundisha mpiga ngoma kwa siku tano? Mwanafunzi anakaa pale miaka, anapiga, anakosea, anasahihishwa, mikono inaota sugu. Nendeni kwa mafundi wa majahazi: mwanagenzi anaanza kwa kushika tezo na kubeba mbao, siku nyingi zinapita kabla hajakabidhiwa ubao wa chini unaogusana na maji. Mji huu unajua ufundi hupatikana kwa muda na kwa kusimamiwa. Kwa nini tukubali kudanganywa kwenye kompyuta tu?

UFUNGUO UKO KWA MKUU

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi. Mwalimu anaweza kuwa hodari, lakini chumba cha kompyuta kimefungwa na ufunguo uko kwa mkuu wa shule. Mkuu anaogopa. Mashine ikiibiwa ataulizwa yeye. Ikiharibika atalipa yeye. Ikikaa kabatini miaka mitano bila kuguswa, hakuna atakayemuuliza! Mtu yeyote mwenye akili timamu atafunga mlango.

Sasa sikia ajabu ya Mungu. Chuo cha kuwafundisha uongozi wakuu wa shule wa nchi hii kiko hapahapa Bagamoyo. Zamani kiliitwa MANTEP, tangu 2001 ni Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, ADEM. Wakuu wa shule wanatoka mikoa ya mbali kuja kusoma hapa. Basi somo la kusimamia chumba cha kompyuta, mkuu afundishwe kwamba mashine iliyochakaa kwa kutumiwa ni faida, na mashine mpya iliyofungiwa ni hasara, lina mahali pa kuanzia. Si Dodoma, si Ulaya. Ni hapo tu, unaweza kwenda kwa baiskeli.

TULIKUWA NA WAKUBWA

Mtaniambia, mzee, sisi Bagamoyo ni wanyonge, hatuna mtu wa kutusemea. Hapo nakataa. Kuanzia mwishoni mwa 2010 hadi 2015 Rais wa nchi, Jakaya Kikwete, alikuwa mtoto wa wilaya hii, na Waziri wa Elimu, Shukuru Kawambwa, alikuwa mbunge wa Bagamoyo. Ikulu yetu, wizara yetu! Sisemi hawakufanya kitu. Ninachosema ni kwamba kuwa na mtu mkubwa si sawa na kuwa na mwalimu. Mkubwa huondoka na cheo chake. Mwalimu aliyefundishwa vizuri hubaki na watoto 45, mwaka baada ya mwaka.

Mliahidiwa na bandari pia. Makubaliano na Wachina 2013, jiwe la msingi Oktoba 2015, mwaka 2019 mradi ukasimamishwa. Vijana wangapi walikaa wakingoja bandari? Lakini nakuuliza: bandari hiyo ikija kesho asubuhi, ni kijana gani wa Bagamoyo atakayekaa kwenye kompyuta ya kuhesabu makontena? Kazi za leo za bandarini, benki, hospitali, hata ghala la saruji, zinapitia kwenye kioo cha kompyuta. Kama mdogo wako hajafundishwa, atabeba mizigo nje huku mgeni akiandika majina ndani.

CHA KUFANYA

Sasa ni sera mpya. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imekuja na mitaala mipya, na kompyuta imo. Maneno ni matamu. Kazi yetu ni kuyadai maneno yawe watu. Nawapa mambo matano, yaandikeni.

Moja. Kwenye mkutano wa mtaa, na kwa diwani wako, usiulize kompyuta ngapi. Uliza: kwenye bajeti ya Halmashauri, ni shilingi ngapi za kumfundisha mwalimu kwa kila shilingi inayonunua mashine? Akikujibu kwa maboksi, mwambie rudi ujibu swali.

Mbili. Tudai walimu wawili wa kompyuta kila shule, si mmoja. Mmoja akihamishwa, au akienda likizo ya uzazi, somo linakufa na watoto wa kidato cha tatu wanabaki yatima. Wawili wanafundishana na kuziba pengo.

Tatu. Shule zilizoko kwenye barabara moja, kuanzia Mapinga, Kerege, Zinga, Kiromo hadi mjini, walimu wake wa kompyuta wakutane mara moja kwa mwezi. Nauli ya daladala tu. Wafungue mashine pamoja, wagawane maswali ya vitendo, aliyekwama akwamuliwe. Hilo halihitaji mfadhili, linahitaji Halmashauri iwape ruhusa na nauli.

Nne. Bodi ya shule idai daftari la matumizi ya chumba cha kompyuta: tarehe, kidato, mwalimu, mashine ngapi ziliwaka. Ukurasa ukiwa mweupe, swali lina mahali pa kuanzia.

Tano, na hili ni lako wewe kijana unayesoma gazeti hili kwenye kijiwe. Una shahada ya kompyuta, umezungusha barua hadi viatu vimekwisha soli. Umewahi kufikiria ualimu? Zipo stashahada za uzamili za ualimu, Chuo Kikuu Huria nacho kinatoa, unasoma huku unahangaika na maisha. Usiseme ualimu ni kazi ya waliokosa kazi. Watoto 45 wakingoja mtu anayejua kufungua mashine na kueleza kilichomo ndani, hiyo si kazi ya waliokosa. Hiyo ni kazi ya waliobarikiwa.

Na wakubwa nao niwaambie. Hatukatai mashine. Leteni. Lakini kabla ya boksi kushushwa, tuonyesheni mwalimu: jina lake, alisomea wapi, alikaa muda gani, na nani atamfuata shuleni kumsaidia. Mkishindwa kujibu hayo manne, msituletee utepe wa kukata, pelekeni mkasi kwa fundi cherehani.

 Sasa nileteeni maswali, na aliye mwalimu kati yenu aanze yeye.